Turbo niliyoitoa ilikuwa nzima

Jumamosi usiku, watoto wameshalala, nikatandika gazeti la zamani mezani nikaitoa ile turbo, feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili iisukumie injini hewa, kwenye kiroba ilipokaa wiki sita chini ya ngazi. Nikaifuta vumbi, nikaingiza kidole upande wa kompresa, ule unaovuta hewa, nikaisukuma feni kidogo tu.

Ikazunguka.

Na sio kule kuzunguka kwa kukwama kwama, ilizunguka kama feni ya dari umeme ukikatika, taratibu, kimya, mpaka ikasimama yenyewe kwa muda wake. Nikashika nati ya katikati nikaivuta mbele na nyuma, hakuna kitu. Nikaitikisa juu chini, kuna kaplei kadogo, kale kaulegevu ka kawaida ambako kila turbo ya bushi, isiyo na gololi, inakuwa nako ikiwa kavu haina oili ndani. Nikamulika mapanga kwa tochi ya simu, hakuna panga lililogusa nyumba yake, hakuna mkwaruzo hata mmoja.

Upande wa ekzosi tu ndo kulikuwa na oili, imeganda nyeusi kama lami.

Turbo hii niliilaumu. Nikamlaumu na kaka aliyeniuzia, tena mbele ya wateja wake, kwa maneno ambayo siyarudii hapa. Nikaitoa nikanunua nyingine kwa hela niliyokuwa nimeitenga ya ada. Na sasa nimekaa nayo saa tano usiku, nzima, inazunguka kwa kidole.

Tangu siku hiyo sijatulia, ndo maana naandika.

## Pale pa kuangalizia ziwa

Wengi mnaonisoma mnaijua gari yangu, Land Cruiser ya mkonga, ndefu, injini 1HZ, ile 4.2 dizeli ambayo kiwandani haikuwekwa turbo. Sina haja ya kuisifia, mnajua. Ila mnajua pia ukitoka Mto wa Mbu ukaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu, una wageni sita, mabegi, friji, maji, unabaki gia ya pili unasikiliza injini inavyohangaika. Na ukifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko mita kama 2,300 juu ya bahari, hewa kule nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Turbo inakurudishia hiyo hewa. Mimi sikutaka mbio, nlitaka hewa tu.

Mwezi wa kwanza baada ya kufunga nlikuwa na furaha sana. Mlima ule ule nlikuwa naupanda gia ya tatu.

Mwezi wa pili, siku moja nimeshamaliza kupanda, nikaegesha pale wageni wanaposhuka kupiga picha Ziwa Manyara, nikaacha injini ingurume kidogo turbo ipoe kabla sijazima, maana oili ikisimama ghafla ndani ya turbo ya moto inaungua inakuwa mkaa. Mama mmoja mgeni kasimama nyuma ya gari na kamera yake, ghafla nikamsikia anakohoa. Nikaangalia kwenye kioo cha pembeni. Sikuona barabara, sikuona miti, niliona bluu. Moshi mzito umelala chini hautaki kuondoka, na ile harufu ya oili inayoungua ambayo ukishainusa mara moja huisahau.

Nikazima hapo hapo. Mikono inatetemeka kweli, kwa sababu kesho yake ilikuwa nishuke kreta na hao watu. Na injini ya dizeli haina plagi za cheche, ikianza kunyonya oili yake kupitia inteki, njia ya kuingizia hewa, inaweza kukimbia yenyewe, unazima ufunguo nayo haizimi, inapanda resi mpaka oili iishe au ipasuke. Nlikuwa nafikiria hilo tu.

Nikapima oili, ipo. Nikawasha, nikaenda mdogo mdogo mpaka Karatu. Na kwenye tambarare ya Karatu moshi ukakata.

Kabisa. Ukakata kabisa.

Hapo ndo nlitakiwa kusimama nikajiuliza swali moja, kwa nini turbo iliyokufa ifufuke kwenye tambarare. Sikujiuliza. Nlishukuru Mungu nikaendelea na safari.

## Sili zimekufa

Fundi aliyenifungia akaangalia dakika tano akasema sili za turbo zimekufa. Neno hilo nililiamini kwa sababu lilikuwa rahisi, nimelisikia toka utotoni, gari ikitoa moshi wa bluu na ina turbo basi sili zimekufa. Nikaenda dukani nikafanya nilichofanya. Nikanunua nyingine, ikafungwa pale pale, kwa paipu zile zile.

Safari mbili salama, zote za Tarangire, ambako hakuna mlima wa maana.

Safari ya tatu ikawa ya Karatu. Nimefika pale pale pa kuangalizia ziwa, moshi ule ule.

Nakumbuka nlikaa kwenye kiti cha dereva nikashika usukani na mikono miwili na gari imezimwa. Turbo mbili haziwezi kufa kifo kimoja mlima mmoja. Hilo ndo wazo la kwanza la maana nlilolipata kwenye mambo haya yote, na lilikuja limechelewa kwa turbo moja na ugomvi mmoja.

## Inavyoingia na inavyotoka

Niwaeleze nilichokuja kukielewa, mwenye kujua avumilie.

Oili inaingia kwenye turbo kwa pampu ya injini. Paipu yake nyembamba, ila ina presha. Inaingia katikati, inapita kwenye bushi ambazo zinaelea juu ya oili hiyo hiyo, na ndani yake shafti inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Sasa fikiria kitu kinachozunguka hivo kinaifanyaje oili. Kinaichapa. Inayotoka chini ya turbo sio oili unayoijua kwenye galoni, ni povu, kama maziwa uliyoyakoroga kwa nguvu kwenye kibuyu, ya moto, imejaa hewa, na presha yote imeishia kule juu. Hakuna kinachoisukuma tena. Inaanguka tu kwa uzito wake.

Kwa hiyo paipu ya kurudi, ritani, lazima iwe nene mara nne au tano ya ile ya kuingia. Kwa turbo kama hii ndani yake iwe milimita 16 mpaka 19. Ishuke mwanzo mpaka mwisho, isipande hata sentimita, isiwe na kona kali, isining'inie ikatengeneza tumbo, na ikifika kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, iingilie juu ya usawa wa oili. Ikiingilia chini ya oili ni sawa na mtu kuweka mdomo wa chupa ndani ya ndoo iliyojaa halafu anataka chupa imwagike.

Na hizo sili. Kwenye shafti ya turbo hakuna sili ya mpira kama ile ya krenki, shafti kuu ya injini, mpira ungeungua siku ya kwanza. Kuna ringi ya chuma, kama ringi ya pistoni ila ndogo mfano wa pete, na kazi yake kubwa ni kuzuia gesi ya ekzosi na hewa ya kompresa zisiingie kwenye oili. Haikutengenezwa kuzuia chumba kilichojaa oili. Chumba hakitakiwi kujaa, kinatakiwa kiwe kinamwagika muda wote. Chini pakigoma, oili inapanda, ringi inazidiwa, na oili inaenda ilikoona njia. Ikienda upande wa ekzosi unaona moshi. Ikienda upande wa kompresa inakwenda inteki, na huko ndo nlikokuwa nakuogopa.

Sinki la jikoni likiziba maji yakafurika mpaka sakafuni, hakuna mtu anabadilisha bomba. Mimi nlibadilisha bomba.

## Mimi ndo nlikuwa nashika tochi

Hili ndo linaniuma kuliko hela.

Siku ya kufunga nlikuwepo. Sikwenda kunywa chai, nlilala chini ya gari na fundi, nimeshika tochi. Niliona alivyotoboa sampu ikiwa bado iko kwenye gari, kwa drili, ncha ameipaka grisi ili machicha ya chuma yanate. Alitobolea nyuma, kwa sababu kwenye mkonga ekseli ya mbele inapita chini ya injini, kwa hiyo tumbo la sampu liko nyuma na ndo mahali mkono unapofika bila kufungua chochote. Niliona alivyochukua mpira wa bluu wa silikoni, wa rejeta, akaupitisha nyuma ya mguu wa injini, na kwa kuwa ulikuwa mrefu ukaning'inia kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye ile tundu. Upana wa vidole viwili hivi.

Nikamuuliza, "Huu hautaning'inia?"

Akasema, "Oili ni maji tu bosi, itapita."

Nikanyamaza. Ilikuwa Ijumaa jioni, Jumatatu nna wageni, nlitaka kusikia turbo inapiga filimbi. Nikanyamaza kwa sababu nlitaka iishe.

Fundi yule sio mtu mbaya, na injini anazijua kweli, kwenye valvu na nozeli namwamini mpaka leo. Ritani tu ndo aliichukulia kama kitu cha kumalizia, kama vile ukishajenga nyumba unatupia mfereji wa maji machafu popote ilimradi utoke nje. Na mimi niliyeuona nikaacha.

## Mambo yaliyonizungusha

Baada ya moshi wa pili sikwenda moja kwa moja kwenye ritani. Laiti ningeenda.

Kwanza nlisafisha paipu ya kupumulia injini, ile inayotoa mvuke kwenye kava ya valvu. Ilikuwa imejaa uchafu, na hilo ni kosa la kweli, kwa sababu injini ikishindwa kupumua presha inajaa ndani ya sampu na inaisukuma oili ya turbo irudi ilikotoka. Nikasafisha, moshi ukapungua. Nikashangilia. Ukarudi wiki hiyo hiyo. Nadhani hiki ndo kilinichelewesha sana, kupata nafuu kidogo kwa sababu isiyo yenyewe.

Halafu jamaa mwingine akanishauri tubane oili ya kuingia, tuweke bolti yenye tundu dogo, oili ikiingia kidogo itatoka kidogo. Ukilisikiliza lina mantiki. Tukaweka. Moshi ukapungua tena. Lakini usiku nikawa silali, nasema hivi mimi nimeinyima turbo oili ili nifiche kwamba haina pa kuimwaga, na hizi ni turbo za bushi, zinaishi kwa oili, sio za gololi ambazo zenyewe kweli zinataka oili ibanwe. Asubuhi nikaitoa ile bolti. Moshi ukarudi wote, na kwa kweli nikajisikia vizuri zaidi.

Kitu cha tatu ni mimi mwenyewe. Tangu nifunge turbo nlikuwa najaza oili kupita alama ya juu kwenye dipstiki, nusu lita hivi, nikijiambia turbo nayo inahitaji yake. Kumbukeni hilo, linakuja.

## Mpira wa fundi ujenzi

Mzee aliyenifumbua macho hafungi turbo. Amefanya kazi kwenye malori miaka mingi, sa hivi kastaafu, anafuga kuku kule Usa River. Nlienda kwake kuchukua mayai ya mke wangu, nikamsalimia, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu, mbona gari inanuka oili?" Ndo ilivyoanza.

Nikamsimulia yote. Hakugusa spana. Akauliza kitu kimoja, inatoa moshi ikiwa inapanda au ikiwa imepanda? Nikamwambia sijui, nauona nikisimama juu. Akaniambia kesho uje umevaa nguo za kazi.

Kesho yake kanitolea mpira ule mwembamba wa kioo wa mafundi ujenzi, wa kupimia levo ya msingi kwa maji. Mnaujua. Akafungua nati ya kumwagia oili akiwa tayari na kiungio mkononi, ikamwagika kidogo tu, akafunga mpira pale, akaupandisha pembeni ya sampu akaufunga na waya. Oili ikapanda ndani ya mpira mpaka usawa wake ikasimama. Kwa mara ya kwanza nikaiona oili ya injini yangu ilipo bila kukisia. Kwenye tambarare ilikuwa sentimita 2 chini ya tundu la ritani.

"Hapa ni salama kidogo," akasema. "Twende kwenye mteremko."

Kuna njia nyuma ya kwake inapanda. Tukaegesha pua ikiangalia juu, mawe kila tairi, injini imezimwa. Nikalala chini nikautazama ule mpira. Oili ilikuwa inasogea. Taratibu sana, nyeusi ndani ya kioo, inapanda, ikafika usawa wa chini wa tundu, ikaendelea, ikaifunika yote na kidole kimoja juu yake.

Sikuongea kwa muda.

Hesabu yake ni ndogo mno inaumiza. Mlima wenye mwinuko wa asilimia 10, kila sentimita 10 unazorudi nyuma oili inapanda sentimita 1. Tundu langu liko kama sentimita 30 nyuma ya katikati ya sampu. Basi sentimita 3. Na mimi nlikuwa na 2. Ukiwasha injini oili inashuka kidogo kwa sababu nyingine inapanda kwenye njia zake, hilo mzee alinikumbusha, lakini nusu lita yangu ya ziada ilikuwa inaurudisha usawa pale pale. Ongeza ule mpira ulioning'inia, ambao hata kwenye tambarare ulikuwa umejaa oili iliyolala muda wote, povu la juu linatakiwa liisukume wakati halina nguvu ya kusukuma chochote.

Tukatoa mpira wa levo, tukafunga nati, nikawasha pua ikiwa juu, nikaweka resi 2,000. Dakika nne, bluu. Nikageuza gari, pua chini, resi ile ile. Dakika kumi na tano. Mzee kashika kitambaa nyuma ya ekzosi, ananiangalia tu. Hakuna kitu.

## Kuhamisha tundu

Tulishusha sampu. Siku mbili, kwa sababu ya ekseli ilibidi tuinyanyue injini. Gharama ya hizo siku mbili ndo ile iliyokwepwa siku ya kwanza.

Mzee akapitisha sumaku chini ya sampu, ikatoka na manyoya ya chuma. Machicha ya drili. Grisi haikuyashika yote, yalikuwa yamelala humo miezi yote hiyo kwenye tope la oili, karibu na chujio la pampu. Nimeyaweka kwenye kikopo, ninayo.

Na kwenye flanji chini ya turbo, pale ritani inapofungwa kwa bolti, ile gundi nyekundu ya gasketi ilikuwa imefinywa ikatokeza ndani, imeziba theluthi nzima ya njia. Pale gundi haitakiwi kabisa, gasketi ya karatasi ngumu inatosha, na uhakikishe tundu la gasketi sio dogo kuliko la flanji. Ule mpira wa bluu nao tukaupasua kwa wembe, ndani umevimba, umelainika, unachubuka kwa kucha. Mpira wa rejeta hautengenezwi kwa oili, oili inaupenya taratibu, nje unaona unatoa jasho na wewe unadhani ni klampu haijakaza.

Tundu la zamani tukaliziba kwa kuchomelea. Jipya nlitaka tuliweke mbele kabisa, mbali na oili ya mlimani. Hapo tukabishana kidogo, au niseme mzee alinisubiri nijibishie mwenyewe. Kwa sababu je, nikishuka? Kushuka kreta ni mteremko mkali kuliko ule, oili yote inakuja mbele. Na tukilisogeza tu bila kufikiri linaweza kuangukia pale krenki inaporusha oili, ikawa kila mzunguko inapigwa kofi la oili kwenye mdomo wake. Mwishoni tukaliweka katikati ya urefu wa sampu, juu, karibu na ukingo wa gasketi, upande ambao krenki inazunguka kwenda mbali nalo. Pale katikati usawa wa oili haubadiliki sana, uwe unapanda mlima au unashuka. Nlipoielewa hiyo nilikaa chini nikacheka peke yangu kwa raha, kumbe ni kama bembea ya mbao, wa katikati hapandi wala hashuki.

Mpira mrefu haupo tena. Kuna bomba la chuma la milimita 19 ndani, linashuka karibu wima kutoka kwenye turbo, linapita mbele ya mguu wa injini, na katikati kuna kipande kifupi cha mpira wa oili wenyewe, kimekingwa na bati joto la ekzosi lisikiunguze.

Baadae nikaenda kuangalia Land Cruiser 80 series ya rafiki yangu yenye 1HD-T, ndugu yake na 1HZ aliyezaliwa na turbo. Nikalala chini na tochi. Ritani yake bomba la chuma, fupi, nene, linashuka moja kwa moja kwenye bloku. Hata Subaru za mtaani, zile Forester za EJ20 turbo, turbo imekaa juu na kampira kafupi kanashuka kwenye silinda hedi, hakuna kuzunguka. Na walioshindwa kabisa kupata mteremko, kama Porsche 911 Turbo ambayo turbo zake ziko chini, walikubali kuweka pampu ya pili ya kuinyonya oili. Yaani wenye magari yao walilipa pampu nzima kuliko kuiacha ritani ijitafutie. Nlikuwa nayaona haya yote miaka yote. Sikuwa nayaangalia.

Tukarudi kwenye njia ile ile, mpira wa levo ule ule. Pua juu, tundu wazi. Pua chini, tundu wazi. Oili nimejaza mpaka alama, nimeishia hapo.

## Dukani

Nlichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kwenda. Niliiweka turbo ya kwanza kwenye boksi safi, sio kiroba.

Alikuwa anahudumia mtu. Nikasubiri mpaka amalize, halafu nikaona hapana, nlimtukana mbele za watu, nikamwita tu pale pale mbele ya yule mteja. Nikamwambia kaka, turbo yako ilikuwa nzima, kosa lilikuwa paipu yangu, nimekuja kuomba radhi. Akaitoa kwenye boksi, akaizungusha kwa kidole, akasikiliza. Watu wa turbo wanasikiliza.

Akasema, "Ningekuuliza ritani umeipitisha wapi, ila hukunipa nafasi ya kuongea."

Hakusema kwa ukali. Ndo maana imenikaa.

Akakataa kuongelea hela, akaniagizia soda, akataka nimchoree mchoro wa sampu nyuma ya risiti. Nikamchorea, na mwinuko, na zile sentimita 30. Mteja naye akasogea kuangalia, kumbe kanunua turbo ya Hilux.

## Gari mbili nyingine

Kuna jambo halijaisha. Fundi wangu mwaka huo alifunga turbo kwenye 1HZ tatu, yangu ikiwa ya kwanza. Nlienda kwake na kile kikopo cha machicha na picha za mpira wa levo. Kimya kirefu, halafu akasema zile mbili nyingine alizitobolea pale pale. Hakubisha hata neno. Akanipa namba za wenye nazo mwenyewe.

Mmoja gari yake iko Kiteto, nchi tambarare, anasema haijawahi kutoa moshi. Nimemwomba asishangilie.

Wa pili anabeba mbuzi kutoka Monduli Juu kuleta mnadani. Nlimpigia jana jioni. Kabla sijamaliza kujieleza akanikatiza, akasema ndugu yangu, gari inatoa moshi nikirudi nyumbani tu, nikishuka na mbuzi haitoi, watu wananiambia nimerogwa, na kesho nlikuwa nije mjini kununua turbo.

Nimemwambia asinunue. Anakuja Alhamisi, mzee naye anakuja, na mpira wa levo uko kwenye gari yangu.